Shaba za Taha Akgül hazikutolewa kwa huruma

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi na mjomba wangu tunabishana tangu Olimpiki ya Paris ya 2024. Tulikuwa tukitazama mieleka, akatokea Mturuki mmoja mkubwa, Taha Akgül, akashinda shaba, kisha akavua viatu na kuviacha kwenye mkeka. Nikasema huyu ndiye mwanamieleka bora wa uzito wa juu wa kizazi chake. Mjomba akacheka: “Bora gani? Tokyo alichapwa nane bila, halafu wakampa shaba ya huruma. Paris nako hakufika fainali, wakampa tena.” Mwalimu, inakuwaje mtu apigwe halafu apewe medali? Nani kati yetu yuko sahihi? Na vile viatu vina maana gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nisalimie mjomba, na umwambie nusu ya maneno yake ni kweli. Nane bila aliipata, nami niliiona kwa macho yangu. Ila hiyo huruma sijui ameitoa wapi, maana katika mieleka hakuna kamati inayokaa kugawa shaba kwa waliolia sana. Na wewe pia usishangilie mapema, kwa sababu hilo neno “bora wa kizazi chake” lina mtu mwingine analidai, tena kwa hati safi. Tutamfikia.

Kwanza tuondoe kamba ulingoni. Wengi wetu mieleka tumeijua kwenye televisheni: kamba, viti vya kukunja, jamaa anaruka kutoka juu ya nguzo, na mshindi aliyekwisha kupangwa nyuma ya pazia. Mieleka ya Olimpiki haina hayo. Ni mkeka mnene wa sponji uliochorwa duara la kipenyo cha mita 9, watu wawili, refa kati yao, na dakika sita: vipindi viwili vya dakika tatu tatu, na mapumziko ya sekunde 30. Akgül alicheza mtindo huru, unaoruhusu kushika miguu ya mpinzani. Ule mtindo mwingine, wa Kigiriki na Kirumi, unakataza kushika chochote chini ya kiuno. Ukimwona mtu anazamia goti la mwenzake, jua unatazama mtindo huru.

Hesabu yake haitaki chuo kikuu. Ukimsukuma mwenzako akakanyaga nje ya duara, pointi moja. Ukimshusha chini ukabaki juu yake unamdhibiti, mbili. Akiwa chini ukamgeuza mgongo wake ukaelekea mkeka, mbili nyingine. Ukimng’oa kutoka wima na kumtua moja kwa moja mgongo chini, nne, na mrusho mkubwa wa kupita hewani ni tano. Ukiyabana mabega yote mawili yakatulia kwenye mkeka, mchezo umekwisha hapo hapo, hata kama ulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Na katika mtindo huru tofauti ikifika 10, refa anapuliza filimbi, kila mtu aende akaoge. Kwa hiyo nane bila ni kipigo kizito, lakini cha kusimamishwa bado. Mjomba asiongeze chumvi.

Ipo pia adhabu ya uvivu. Anayekwepa mchezo huonywa, na akiendelea anawekewa saa ya sekunde 30. Ikiisha bila yeyote kufunga, mpinzani wake anapata pointi moja ya bure. Ndiyo maana mechi za watu wazito huisha 3–1 au 2–1, na mtazamaji mgeni akauliza wale walikuwa wanafanya nini dakika zote zile.

Walikuwa wanafanya kazi kubwa. Akgül alishindana kilo 125, daraja la juu kabisa. Mfuko wa simenti una kilo 50. Sasa chukua mifuko miwili na nusu, isimamishe iwe mirefu kupita mlango wa chumba chako, halafu ikufuate mbio. Alipoanza, kikomo cha daraja hilo kilikuwa kilo 120, kikapandishwa hadi 125 mwaka 2014. Daraja la Olimpiki linalofuata chini yake ni kilo 97, hivyo mtu wa kilo 105 hana pa kujificha ila huku kwa majitu.

Nimekaa kando ya mkeka mara nyingi, hatua mbili tatu kutoka kwa watu wa uzito huu, na kinachokushangaza kwanza ni ukimya. Unasikia pumzi na viatu vikikwaruza, basi. Paji limegusana na paji, mkono mmoja umekamata nyuma ya shingo ya mwenzake, mwingine umeng’ang’ania kifundo cha mkono. Ukiwa mbali utadhani wamesimama. Ukiwa karibu unaona shingo inavutwa chini, inarudi, inavutwa tena, kila mmoja anapima mwenzake uzito kauweka mguu gani. Masikio yamevimba na kukakamaa kama tangawizi kwa miaka ya kusuguana vichwa. Na mwenye haraka ndiye anayeumia: ukiuzamia mguu wa mtu wa kilo 125 ukaukosa, anakulalia mgongoni, na kujinasua chini ya mzigo ule kunakula nguvu ambazo dakika ya tano utazitafuta usizione.

Akgül alikuwa na subira ya kazi hiyo, lakini alikuwa na kitu ambacho majitu wengi wa kabla yake hawakuwa nacho: miguu myepesi. Alikuwa akishuka kuchota mguu kama mtu wa kilo 74. Na mpinzani akimzamia yeye, alikuwa akirudisha nyonga nyuma, anamkandamiza kichwa, kisha anazunguka hadi mgongoni kuchukua pointi zake mbili. Hilo la kuzunguka nyuma litazame vizuri ukipata video zake. Wengi walishambulia wao, pointi akaandikiwa yeye.

Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1990, na ni mtu wa Sivas, mji wa bara ya Uturuki, nyanda za juu zenye baridi kali. Ni mkoa uleule wenye wilaya ya Kangal, walikotoka wale mbwa wakubwa wa kulinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu, na wanaopenda utani huwa hawakosi la kusema hapo. La maana zaidi ni kwamba Waturuki huita mieleka mchezo wa mababu, nao hawasemi hivyo kwa kujisifu tu. Kule Edirne, kila mwaka katika mashindano ya Kırkpınar, wanaume wanajipaka mafuta ya zeituni mwili mzima, wanavaa suruali nzito za ngozi, wanashikana majanini juani. Medali ya dhahabu ya kwanza ya Uturuki katika Olimpiki ilikuwa ya mieleka, ya Yaşar Erkan, Berlin 1936. London 1948 walichukua dhahabu 6, zote za mieleka. Roma 1960 wakachukua 7, zote za mieleka tena. Mtoto anayekulia humo akivaa jezi ya taifa anabeba na hesabu za babu zake.

Hesabu hizo ndizo zilizomkuta Akgül. Mwaka 2012, akiwa na miaka 21, alichukua ubingwa wa Ulaya mjini Belgrade. Miezi michache baadaye akaenda Olimpiki ya London, akarudi mikono mitupu. London yenyewe, kwa daraja hilo, iligeuka aibu ya miaka mingi: dhahabu ilivaliwa na Artur Taymazov wa Uzbekistan na fedha na Davit Modzmanashvili wa Georgia, na sampuli zao zilipopimwa upya baadaye wote wawili wakavuliwa kwa dawa za kuongeza nguvu. Waliokuwa na shaba, Komeil Ghasemi wa Iran na Bilyal Makhov wa Urusi, wakapandishwa wote kuwa mabingwa. Likumbuke jina la Ghasemi.

Mwaka uliofuata mchezo wenyewe ulitaka kufutwa. Februari 2013 viongozi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walipendekeza mieleka iondolewe kuanzia michezo ya 2020. Hebu fikiria kijana wa miaka 22 aliyejitolea maisha yake, anaambiwa hiyo Olimpiki unayoiota labda itabaki moja tu. Wamarekani, Wairani na Warusi, watu ambao kwa kawaida hawanywi chai pamoja, walisimama upande mmoja kuitetea, na Septemba mwaka huohuo, kule Buenos Aires, ikarudishwa.

Kisha ikaja miaka yake mitatu mizuri. Tashkent 2014, bingwa wa dunia. Las Vegas 2015, bingwa wa dunia tena. Agosti 2016, Rio, fainali ya Olimpiki dhidi ya nani? Ghasemi yuleyule wa Iran. Uturuki na Iran katika mieleka ni kama Simba na Yanga, tofauti ni kwamba wao uhasama wao una karne kadhaa. Akgül alishinda 3–1. Uturuki iliondoka Rio na medali nane, na ya dhahabu ilikuwa hiyo moja tu. Alikuwa na miaka 25, akawa na kila kilichopo cha kushinda.

Ubingwa wa Ulaya sitauhesabu mmoja mmoja, tutachoka. Ni mara 11, wa mwisho akiuchukua Bucharest mwaka 2024. Na usidhani Ulaya ni uchochoroni: Georgia, Azerbaijan na Urusi zote zinashindania huko, na mashindano hayo kwa mieleka ni magumu kuliko michezo mingi ya mabara.

Sasa huyu mdai niliyekutajia. Katika jukwaa la Rio, Akgül akiwa juu na dhahabu, pembeni alisimama kijana wa Georgia na shaba yake. Jina lake Geno Petriashvili, mdogo kwa Akgül kwa zaidi ya miaka mitatu. Mwaka mmoja tu baadaye, 2017, wakakutana kwenye fainali ya dunia mjini Paris na Geno akamshinda. Akaushika ubingwa ule 2017, 2018 na 2019, mara tatu mfululizo. Wewe na mjomba mmebishana juu ya Akgül mwezi baada ya mwezi bila kumtaja Geno hata mara moja. Hapo nawasamehe, kwa sababu televisheni huonyesha mechi, haionyeshi miaka.

Tukaingia Tokyo, Agosti 2021, baada ya mwaka mzima wa kuahirishwa kwa sababu ya korona. Akgül ana miaka 30. Robo fainali anapangiwa Gable Steveson wa Marekani, kijana wa miaka 21. Matokeo ni yale anayoyapenda mjomba: nane bila. Nimeirudia mechi ile nikisimamisha picha, na sioni bahati mbaya wala refa mbovu. Steveson alikuwa mwepesi kuliko yeye. Yaani kile kitu ambacho Akgül alikileta katika daraja hili, miguu ya mtu mdogo chini ya mwili mkubwa, sasa alikikuta kwa mwingine, kimekolea zaidi na kina umri mdogo. Alikuwa akipeleka mkono, Steveson hayupo pale tena.

Sasa sikiliza jinsi shaba inavyopatikana, maana hapa ndipo ubishi wenu ulipo.

Mieleka ni mtoano. Lakini mtoano una kasoro moja inayojulikana na kila aliyewahi kucheza kombe la mbuzi mtaani: timu ya pili kwa ubora inaweza kukutana na ya kwanza mapema, ikatolewa, na dhaifu aliyepita upande wa pili akafika mbali. Mieleka inaitibu kasoro hiyo kwa utaratibu uitwao repeshaji. Fainali zikishajulikana, wale waliopigwa na hao wawili walioingia fainali wanarudishwa. Sikiliza vizuri: waliopigwa na wana fainali tu. Ukipigwa na mtu aliyeishia nusu fainali, funga begi. Waliorudishwa wanapambana wao kwa wao kila upande, na anayebaki anakutana na aliyepoteza nusu fainali ya upande wa pili, kugombea shaba. Pande ni mbili, kwa hiyo shaba ni mbili; katika Olimpiki imekuwa hivyo tangu Beijing 2008.

Maana yake kwa Akgül siku ile ilikuwa hii. Amechapwa nane bila, yuko chumbani, jasho halijakauka, na sasa mtu pekee anayeweza kumrudisha mashindanoni ni huyohuyo aliyemchapa. Steveson ana nusu fainali na Amir Hossein Zare wa Iran. Steveson akipoteza, Akgül anapanda ndege. Bingwa wa Olimpiki anakaa kumwombea dua mtu aliyemdhalilisha. Steveson akashinda 5–0.

Asubuhi ya pili wanapima uzito upya, kisha mkekani. Pambano la kwanza, Aiaal Lazarev wa Kyrgyzstan, ambaye naye alikuwa amepigwa na Steveson. Akapita. La pili, la shaba yenyewe, Munkhtur Lkhagvagerel wa Mongolia, mtu aliyetoka kucheza nusu fainali. Akgül akamshinda 5–0. Sasa mwulize mjomba huruma ilikuwa wapi. Mapambano mawili siku moja, kwa mtu wa miaka 30 aliyelala na kipigo kile kichwani, na ukipoteza lolote kati ya hayo hupati hata cheti cha kubandika ukutani. Mimi nimewaona wanamieleka wazuri wakifika kwenye repeshaji mwili upo, moyo ulishapanda ndege jana usiku. Wanapigwa na watu ambao siku nyingine wangewafunga wakitafuna karanga.

Halafu itazame fainali aliyoifikia huyo Steveson. Aliyekutana naye ni Geno, bingwa wa dunia mara tatu. Zikiwa zimebaki kama sekunde kumi na kitu, Geno anaongoza 8–5. Steveson akamshusha, 8–7. Akamwachia, akamzunguka, akamshusha tena saa ikikata, 9–8. Benchi la Georgia likarusha kile kidude cha sponji mkekani, ndiyo namna kocha anavyodai marudio ya video. Rufaa ikakataliwa, na rufaa ikikataliwa mpinzani anaongezewa pointi moja. Ikawa 10–8. Basi mtu aliyempiga Akgül ndiye aliyempokonya Geno dhahabu katika pumzi ya mwisho. Kupigwa na mtu kama huyo ni kupigwa kweli, sibishi, lakini hakumshushi mtu kuwa wa kawaida.

Kama mjomba ni mpenzi wa ile mieleka ya kamba, huenda hata anamfahamu Steveson bila kujua. Baada ya Tokyo alisaini mkataba na WWE, akaachwa 2024, akajaribu bahati kwenye mpira wa Kimarekani na Buffalo Bills, nako akaachwa kabla msimu haujaanza. Miguu ileile iliyomzungusha Akgül. Mambo ya dunia.

Akgül angeweza kuacha pale. Watu wangemwelewa. Lakini Septemba 2022, kwenye ubingwa wa dunia, akachukua dhahabu yake ya tatu, miaka saba baada ya ile ya Las Vegas. Alikuwa na miezi miwili tu kabla ya kufikisha miaka 32. Mashindano yalikuwa Belgrade, mji uleule aliochukua ubingwa wake wa Ulaya wa kwanza miaka 10 nyuma. Zare, bingwa wa dunia wa 2021 na chipukizi aliyekuwa anaogopwa na wote, alikuwemo na akaishia shaba. Mjomba atasema Steveson hakuwepo, na atakuwa amesema kweli; alikuwa ameshaingia kwenye biashara ya televisheni. Ubingwa hauwezi kumngoja asiyekuja.

Kwangu mimi hiyo ndiyo dhahabu yake kubwa, kuliko hata ya Rio. Rio alikuwa kijana mwenye nguvu zake zote, amekwisha kuwa bingwa wa dunia mara mbili mfululizo, kila mtu alimtegemea. Belgrade alikuwa mtu ambaye vijana walishajua dawa yake. Ukitazama mechi zake za miaka hiyo ya mwisho utaona hazamii miguu ovyo tena. Anakaa kwenye shingo, anasubiri kijana akosee, anazunguka nyuma, anachukua zake mbili, analinda. Wapo wanaosema alichosha kutazama. Mtu wa miaka 32 akicheza kama wa 22 ndiye atakayekuchosha kumwuguza.

Paris 2024 ilikuwa Olimpiki yake ya nne. Fainali ikawa ya Geno na Zare, na Geno akapata ile dhahabu iliyomponyoka Tokyo, kwa 10–9, katika mechi ambayo Wairani mpaka leo wakiitaja wanakunja uso. Akgül akamaliza na shaba, akiwa na miaka 33.

Sasa rudisha macho kwenye majukwaa matatu. Rio: Akgül dhahabu, Geno shaba. Tokyo: Geno fedha, Akgül shaba. Paris: Geno dhahabu, Akgül shaba. Miaka minane, Olimpiki tatu, na kila mara watu hawa wawili wanasimama hatua chache kutoka kwa mwenzake, wakibadilishana ngazi. Hakuna Mmarekani, Mwairani wala Mrusi aliyepanda majukwaa yote hayo matatu katika kilo 125. Ni wao tu.

Hivyo, kijana wangu, ukiniuliza nani bora wa kizazi chake, hesabu inakuja hivi. Ubingwa wa dunia: Akgül 3, Geno 3. Dhahabu ya Olimpiki: moja, moja. Medali za Olimpiki: tatu, tatu, ila Geno ana fedha mahali ambapo Akgül ana shaba. Ulaya Akgül anamwacha mbali. Mimi nikilazimishwa nitampa Geno kwa unywele mmoja kwa ile fedha, kisha kesho nitaamka nikiikumbuka Belgrade 2022 nibadilishe. Kwa hiyo wewe umekosea kusema ndiye pekee, mjomba amekosea zaidi.

Na mkitaka kuvuka kizazi, msimpandishe hadi asikofika. Aleksandr Medved, aliyeshindania Umoja wa Kisovieti, alichukua dhahabu tatu za Olimpiki, 1964, 1968 na 1972, na ubingwa wa dunia mara saba juu yake. Huko Akgül hakufika, na hakuna aibu. Kwao Uturuki wa kumlinganisha naye ni Hamit Kaplan, jitu la uzito wa juu lililopata dhahabu Melbourne 1956, fedha Roma 1960 na shaba Tokyo 1964, rangi zote tatu kwa mpangilio kama mtu aliyekuwa akishuka ngazi taratibu. Akgül ana dhahabu na shaba mbili. Wazee wa Kituruki wanaweza kubishana juu ya hao wawili mpaka chai ipoe, nami sitaingilia.

Vile viatu. Ni desturi ya wanamieleka wa dunia nzima: ukivua viatu ukaviacha kwenye mkeka, umestaafu. Hutangazi, huandiki barua. Rulon Gardner wa Marekani alifanya hivyo Athens 2004, naye pia baada ya kushinda shaba. Hapo hapo Paris, siku chache kabla ya Akgül, Mijaín López wa Cuba aliviacha vyake baada ya kuchukua dhahabu ya tano katika Olimpiki tano mfululizo, mtindo wa Kigiriki na Kirumi. Ukivitazama kwa karibu viatu hivyo ni vyepesi sana, soli nyembamba kama ya ndala, shingo inapanda juu ya kifundo cha mguu, kamba zimefungwa kwa utepe zisifunguke. Kuvivua baada ya mechi si jambo la haraka. Vidole vinatetemeka, utepe umeloa jasho. Ndiyo maana mliona amekaa chini muda mrefu, na ukumbi mzima ukimngoja afungue.

Oktoba mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa shirikisho la mieleka la Uturuki. Sasa anavaa suti, na anayelaumiwa vijana wakikosa medali ni yeye.